Mada ya Mwezi Ni Mwalimu Sikudhani

Jina la nchi yetu ningelitaja kwa furaha, maana ni jina zuri na limo kwenye wimbo wa taifa, lakini makala inayoihusu iko kwenye matengenezo na tumeagizwa tusilitamke mpaka kazi iishe. Kazi ilianza zamani kidogo na inakwenda vizuri. Kwa sasa inatosha ujue kwamba ni nchi ya amani, na kwamba mtu akikuambia hakuna amani, unatakiwa umuulize chanzo chake.

Mimi ni mtumishi wa Wizara ya Uboreshaji. Kazi yangu ni nyepesi na ya heshima: kila mwezi nasoma redioni Mada ya Mwezi, yaani jambo lililochaguliwa ili wananchi wote washirikiane kuliboresha katika Kamusi Elezo ya Taifa, ile iliyoko mtandaoni. Watu hawaijui sura yangu, lakini sauti yangu wanaijua nchi nzima. Nikifika sokoni nikauliza bei ya nyanya, muuzaji hunyamaza, kisha huwaita watoto wake karibu. Nadhani ni kwa heshima.

Kamusi yenyewe ilianzishwa na vijana fulani wasio na kazi. Waliiweka mtandaoni wakasema yeyote anaweza kuandika na yeyote anaweza kusahihisha, na mambo yakawa ovyo kabisa. Huyu anaandika kwamba pilau haitiwi viazi, yule anafuta, wa tatu anawasuluhisha kwa kuandika kwamba pilau asili yake ni kwao. Halafu mtu mmoja akaandika bei ya unga. Bei ilikuwa ya kweli, na jambo hilo liliisumbua sana Serikali. Wasio na maono walishauri Kamusi ifungwe, lakini Serikali yetu ni sikivu, ikaamua kushiriki. Wale vijana waliteuliwa kuwa washauri. Ofisi zao ziko mahali patulivu sana, na wake zao huletewa salamu zao kila sikukuu.

*

Mada ya kwanza ilikuwa Hospitali Kuu. Mheshimiwa Waziri wa Uboreshaji aliizindua mwenyewe, akasimama mbele ya kompyuta iliyofungwa utepe.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuboresha hospitali kunataka miaka, saruji na madaktari, na madaktari wana tabia ya kudai mishahara. Kuboresha makala ya hospitali kunataka alasiri moja na chai. Sasa mimi nawauliza, nani kati yetu anapenda kuwachelewesha wagonjwa?"

Tulipiga makofi mpaka chai ikapoa. Ilipofika magharibi hospitali ilikuwa na dawa katika kila kabati, mashuka meupe, na mashine inayoona ndani ya mfupa, ambayo picha yake tuliipata kwenye hospitali ya nchi nyingine tukafuta maandishi ya ukutani.

Shida ilikuwa wagonjwa, maana wengi hawakuwa wameisoma makala. Mama mmoja alilalamika kwamba wodini hamna maji. Muuguzi akamuuliza kwa upole, kama alivyofundishwa kwenye semina, "Una chanzo, mama?" Mama akaonyesha ndoo tupu. Akaelezwa kwamba ndoo si chanzo, kwa kuwa haijachapishwa popote. Mama akawa mbishi, akasema mwanawe ana kiu. Yule mtoto alifariki kweli, lakini hakufia katika wodi inayoelezwa na makala, kwa hiyo takwimu hazikuharibika.

Tangu hapo "una chanzo?" ikawa kama hodi. Mpangaji anaulizwa na mwenye nyumba, mke anaulizwa na mume, anayepiga kelele za mwizi anaulizwa na majirani wakiwa bado kitandani.

*

Baada ya hospitali tuliboresha Mto Mkarara. Mto ule ulikuwa umekauka, na wakulima walikuwa wakiandika hivyo, jambo linalokatisha tamaa wawekezaji. Tukaupa maji. Idara yetu ikachangamka ikaupa na viboko, maporomoko, na aina ya samaki asiyepatikana kwingine. Ikabaki tatizo dogo la watu waliozoea kukatiza mchangani kwenda mashambani kwao. Serikali ikawaonya kwamba wanahatarisha maisha yao. Wachungaji wawili wakapuuza, wakakamatwa katikati ya mto wakiwa wakavu kabisa, na Kamusi ikaandika kwa masikitiko kwamba wamezama. Miili haikupatikana. Ng'ombe walipatikana, wakagawiwa.

Ni kwa sababu ya mto huu kwamba ilitubidi kumfahamu Mwalimu Sikudhani Mbaruku.

Mwalimu Sikudhani ni mstaafu wa mji wa Msimbazo, ulio kando ya mto huohuo. Alifundisha jiografia miaka mingi sana, na mimi mwenyewe ni mmoja wa aliowachapa kwa kuchora ramani bila kuweka kaskazini. Kila asubuhi mama huyu, baada ya kunywa chai, alikuwa akifungua simu yake, anaingia kwenye Kamusi, anafuta viboko wetu, na kuandika: "Mto huu umekauka. Chanzo: nimesimama katikati yake." Halafu anaweka jina lake kamili. Sisi tunarudisha viboko. Kesho yake anawafuta tena, na kwenye nafasi ya maelezo anatushukuru kwa juhudi.

Mkurugenzi wangu, Bwana Sengondo, ni mtu mpole asiyepandisha sauti. Alikuwa akisoma maneno yale na kutikisa kichwa taratibu. Hakumpigia mtu simu wala hakutuma polisi. Alisema tu kwamba mtu anayejitolea hivi anastahili naye kutazamwa siku moja.

*

Kisha Wizara ikahamia kwa watu. Mheshimiwa Waziri alisema vitu sasa vimeboreka vya kutosha, na kwamba kilichobaki nyuma ni binadamu.

Hapo ikaja Kanuni ya Ukamilifu. Kanuni hiyo inasema makala bora hupewa nyota ya dhahabu ikiwa kamili, na ni kamili ikiwa ina mwanzo, kati na mwisho. Kwa hospitali haikuleta taabu. Kwa mtu wa kwanza kuchaguliwa, Mzee Shomvi, mpiga marimba aliyependwa nchi nzima, tulikwama. Mwanzo tulikuwa nao, alizaliwa. Kati ilikuwa ndefu na ya kupendeza, pamoja na ule wimbo wake kuhusu mfuko wa unga ambao Serikali iliuelewa kwa kuchelewa. Lakini Bwana Sengondo aliisoma makala yote, akavua miwani, akasema kwa huzuni ya kweli, "Hana mwisho."

Mwisho ukaandikwa Jumatatu: kwamba aliteleza kwenye ngazi za nyumba yake. Jumatano akateleza. Nyumba yake haikuwa na ngazi, lakini tuliziongeza kwenye makala kabla ya mazishi, na nyota ikatolewa mbele ya familia. Idara yetu ilipongezwa kwa kasi. Mimi nilisoma pongezi hizo redioni, na nakiri zilinipendeza.

Wananchi waliona nini? Waliona turubai jipya, wali, bendi ya polisi, Waziri akilia kwa leso, na barabara ya kijiji cha marehemu ikichongwa ili gari la Waziri lipite. Kamusi ilisema ngazi, na nani angekuwa na chanzo kinyume chake? Kila mji ukaanza kutaka mtu wake awe Mada ya Mwezi.

*

Msimbazo walimpendekeza Mwalimu Sikudhani. Nasisitiza hapa kwamba Wizara haikumgusa. Walimpendekeza wenyewe, na kwa mapenzi. Aliyeanza ni Zamda, muuza vitumbua, ambaye Mwalimu alimfundisha kusoma akiwa tayari ana mume na mtoto, jioni baada ya kazi, bila malipo. Zamda alikuwa hajawahi kupata njia ya kumshukuru. Aliposikia nchi nzima inaweza kushirikiana kumboresha mtu, akasema huyu ndiye. Akapita nyumba kwa nyumba, kinyozi akachapisha fulana, kwaya ikatunga wimbo, na kina mama wakashona sare. Jina la Mwalimu likatufikia likiwa na sahihi za mji mzima.

Bwana Sengondo alilisoma pendekezo mara mbili. "Hatujawahi kuwanyima wananchi wanachokitaka," akasema, ingawa mimi nakumbuka tumewahi. Kwenye Kamusi, makala ya Mwalimu ilikuwa mstari mmoja tu: Sikudhani Mbaruku ni mwalimu. Makala ya namna hiyo sisi tunaiita mbegu. Tukafunga safari kwenda kuikuza.

Tulifika asubuhi. Mkurugenzi akapelekwa kunywa chai kwa mkuu wa wilaya, nami nikapata nafasi ya kwenda kumwamkia Mwalimu kwake. Nilimkuta uani anachambua mchele, Zamda akimsaidia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa. Kazi inakupenda." Akanisogezea kigoda. "Nakusikia redioni. Unasoma vizuri, ila unameza pumzi mwishoni."

Nikamshukuru. Tukaulizana habari za watu. Kisha akaniuliza, bado anatazama ungo, nani aliandika mwisho wa Mzee Shomvi.

"Uliandikwa kwa ushirikiano, Mwalimu."

"Uliandikwa kabla, au baada?"

Mimi swali nililiona la kawaida. Nikamjibu kwamba uliandikwa kabla, na kwamba tulipongezwa kwa kasi.

Mikono yake ikasimama juu ya mchele. Zamda alinitazama mimi, akamtazama Mwalimu, akatazama fulana aliyovaa yeye mwenyewe, yenye picha ya Mwalimu akicheka. Sikuwahi kuona mtu akielewa jambo kwa mwili mzima namna ile. Hakulia. Alisema tu, polepole, "Mimi ndiye niliyeleta karatasi ile. Mimi." Mwalimu akamwambia asogeze ungo, mchele unamwagika.

*

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule, mchana, watu wamejaa mpaka madirishani. Mwalimu alikalishwa mbele na shada la maua shingoni. Kwaya ikaimba. Bwana Sengondo akatoa hotuba fupi, ambayo kwake ni kama saa nzima, akieleza kwamba mtu ni kama kazi yoyote ya maendeleo, ukimwacha bila kukamilika ni aibu kwa taifa. Watu wakapiga makofi.

Zamda akasimama kabla makofi hayajaisha, akaomba kipaza sauti. Akasema anaomba kuondoa pendekezo.

Ukumbi ukacheka kwanza, ukidhani ni utani wa furaha. Mkurugenzi hakucheka.

"Mada haifutwi, dada yangu," akamwambia kwa upole. "Kanuni hairuhusu. Mada hubadilishwa tu. Kama huyu hamumtaki, taja mwingine, tumboreshe huyo."

"Mwingine nani?"

"Yeyote. Wote ni wananchi."

Zamda akageuka kuutazama ukumbi. Sijui jinsi habari zilivyopita, kwa macho au kwa kunong'onezana, maana hakuna aliyesema neno, lakini kicheko kilizimika safu kwa safu kuanzia mbele kwenda nyuma. Kinyozi akainama kufunga kamba za kiatu wakati amevaa kandambili. Kiongozi wa kwaya akajificha nyuma ya waimbaji wa sauti ya tatu. Wale wa madirishani wakaanza kukumbuka shughuli zao. Kila mtu aliogopa macho ya Zamda yasije yakamtulia, na Zamda naye aliogopa pa kuyaweka.

Mwalimu ndiye aliyesema, bila kusimama. "Kaa chini, mwanangu. Usitaje mtu."

"Basi sitaji," akasema Zamda. Lakini hakukaa.

Bwana Sengondo akasema vizuri, mada imebaki palepale, sasa tuanze kazi. Kazi yenyewe ni hii: wananchi hupanga foleni, kila mmoja anaeleza anachokijua juu ya mada, na mimi naandika. Ndiyo maana inaitwa ushirikiano. Kwa kuwa Zamda alikuwa tayari ameshika kipaza sauti, akaombwa aanze yeye. Anamjua Mwalimu tangu lini? Alimfundisha nini?

Zamda akakishusha kipaza sauti, akakiinua tena. Jasho lilikuwa limelowesha ile picha kifuani.

"Simjui," akasema.

"Umempendekeza wewe."

"Nilikosea mtu. Huyu mama simjui. Ndiyo kwanza namwona."

Mkurugenzi akatabasamu, akamwita kinyozi. Kinyozi, ambaye Mwalimu alimlipia ada mpaka akamaliza darasa la saba, alifika mbele. Nikasema moyoni, huyu atasema. Akasema hamjui. Mchungaji wa kanisa akasema hamjui, shehe naye akasema hamjui, na ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kukubaliana jambo hadharani. Wanakwaya wakapita mmoja mmoja, bado wamevaa sare zenye jina lake, wakasema hawamjui. Kaka yake wa tumbo moja, mzee wa kutembelea fimbo, aliletwa amekamatwa mkono. Alisimama mbele ya dada yake, machozi yakimchuruzika mpaka kwenye ndevu, akasema, "Mama huyu mimi sijapata kumwona."

Yeye Mwalimu alikaa na shada lake shingoni, anakanwa na kila aliyempenda, na uso wake ulikuwa ule wa siku ya matokeo darasa likiwa limefaulu lote. Mimi niliandika kila jibu. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nilitamani kazi isiende vizuri.

Maana ipo kanuni nyingine, na tuliitunga wenyewe wakati ule wa kuwaondoa wapinzani kwenye Kamusi: mtu asiyejulikana na yeyote hastahili makala. Anafutwa. Na aliyefutwa hana kitu cha kukamilishwa.

Bwana Sengondo aliijua kanuni hiyo kuliko mimi. Akafunga kalamu yake, akageuka kwenye kiti chake, akanitazama kama baba anavyomtazama mtoto asiyemsumbua.

"Tumebaki na wewe," akaniambia. "Naambiwa wewe ni mtoto wa hapa. Shule ulisoma humu humu ndani. Mtu mmoja tu anatutosha, akishasema mmoja makala inasimama. Alikufundisha nini?"

Nilitazama ubao ulio nyuma yake. Niliogopa, nasema wazi. Nilijua kila kitu juu ya yule mama. Nilijua anavyoshika chaki, anavyosafisha koo kabla ya kuchapa, na jinsi alivyokuwa akituchukua darasa zima mpaka mtoni kwa miguu, ili tuone wenyewe. Ningeweza kujaza kurasa. Mwalimu hakunitazama kwa kuniomba. Alitazama dirishani, kama afanyavyo msimamizi wa mtihani anapojua anayejibu ni wewe peke yako.

"Simfahamu," nikasema. Na pumzi sikuimeza.

*

Makala ya Mwalimu Sikudhani ilifutwa jioni ileile. Hayumo tena kwenye Kamusi, kwa hiyo hayumo popote. Nasikia Zamda humpelekea vitumbua kila asubuhi, na wakikutana njiani mbele za watu wanapishana bila salamu. Nasikia pia kwamba mtu fulani bado anafuta viboko wa Mto Mkarara kila siku baada ya chai, na Idara imeshindwa kumwita ofisini kwa kuwa hayupo.

Njiani kurudi mjini Bwana Sengondo hakunigombeza hata kidogo. Alinunua mahindi ya kuchoma, akanikatia nusu. Alisema anaelewa, ila Mheshimiwa Waziri anasubiri Mada ya Mwezi, na kanuni ninaijua. Mada haifutwi. Inahitajika mtu mwingine, na safari hii ni busara apatikane anayejulikana na watu wengi, ili ushahidi usitusumbue tena. Mtu ambaye nchi nzima inaijua sauti yake. Nikala mahindi. Yalikuwa matamu.

Jumatatu nilisoma jina langu redioni.

Ni heshima kubwa, na makala inakwenda vizuri. Wananchi wamejitokeza kwa wingi kuliko wakati wowote. Muuza nyanya amesema mimi ni mteja mpole nisiyeomba kupunguziwa bei. Mwanzo umekamilika, kati imefika nilipoajiriwa, na mwandishi ninayemjua, kijana mwenye mwandiko mzuri, ameniuliza kama nyumbani kwangu kuna kisima. Nikamwambia hakuna. Akaniambia nisijali, kitaongezwa.

Mke wangu ameanza mazoezi. Nikiingia ndani na kumsalimu, ananiuliza, "Wewe nani?" kwa sauti kavu kabisa, kisha anakwenda jikoni na kufunga mlango. Watoto wanajifunza taratibu. Mdogo bado anakosea, ananiita baba.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, watakuja kwako. Hawatakuja na bunduki, watakuja na chai na mtu mpole atakayekuuliza neno moja tu unalolijua juu yangu. Nakuomba, kwa ajili ya mwanangu huyu mdogo anayekosea: hujawahi kunisoma. Hunijui.